Faragha Katika Maandamano ya Amani: Namna ya Kujilinda na Kuwalinda Wenzako

Mwaka 1956 serikali ya jimbo la Alabama, Marekani, ilikitaka chama cha NAACP, kilichokuwa kikipigania haki za watu weusi, kikabidhi majina na anwani za wanachama wake wote wa jimbo hilo. Chama kilieleza kwamba wanachama waliowahi kujulikana walikuwa wamefukuzwa kazi na kutishiwa, kikakataa kutoa majina, kikatozwa faini ya dola 100,000 kwa kudharau mahakama, na hata baada ya faini hiyo kikaendelea kukataa. Mwaka 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba kukilazimisha chama kufichua majina hayo ni kuwaingilia wanachama katika uhuru wao wa kujumuika. Siku hizi orodha kama ile haidaiwi tena kwa barua, kwa sababu kila mwandamanaji huibeba mfukoni mwake: namba za wenzake, picha zao, mazungumzo ya usiku wa kuamkia maandamano, na njia aliyopita hadi kufika mahali pa kukusanyika. Kwa hiyo katika maelezo yanayofuata, kila ninapotaja simu yako, nawafikiria pia watu waliomo ndani yake, ambao hawakuulizwa kama wako tayari kuingizwa katika hatari unayoingia wewe.

Haki inayokufuata hadi barabarani

Wanaotetea upelelezi wa waandamanaji husema mara nyingi kwamba mtu akitoka barabarani na bango mkononi amejianika kwa hiari yake, hivyo hana faragha ya kudai. Ni vizuri kila mwandamanaji aijue hoja hii na ajue jibu lake. Ibara ya 17 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inakataza faragha ya mtu kuingiliwa kiholela au kinyume cha sheria, na ibara ya 21 inalinda haki ya kukusanyika kwa amani. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ambayo husimamia utekelezaji wa mkataba huo, ilieleza mwaka 2020 katika Maoni ya Jumla Na. 37 kwamba mkusanyiko kufanyika hadharani hakumaanishi kuwa faragha ya walioshiriki haiwezi kuvunjwa. Ilitaja waziwazi teknolojia ya utambuzi wa sura na uchunguzi wa mitandao ya kijamii, na ikasema kwamba kufunika uso kunaweza kuwa njia ya kulinda faragha au kujikinga dhidi ya kulipiziwa kisasi.

Mpita njia anayekuona katika umati atakusahau kabla hajafika kwake. Mfumo unaounganisha uso wako na jina lako, makazi yako na mwajiri wako hausahau, na madhara yake huweza kukufikia miezi mingi baadaye, siku usiyoitarajia, mezani kwa mtu usiyemjua. Agosti 2019 mtu mmoja alipanda treni ya chini ya ardhi jijini Moscow akiwa na sanamu ya karatasi ngumu ya mwanaharakati aliyekuwa akishtakiwa. Hakuzuia njia wala hakumtishia mtu. Polisi walizikuta picha zake kwenye Telegram, wakamtambua, na siku chache baadaye akakamatwa akiwa katika treni hizohizo, kisha akatozwa faini. Julai 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Glukhin dhidi ya Urusi, iliamua kwamba faragha yake na uhuru wake wa kujieleza vilikuwa vimevunjwa. Naomba msomaji azingatie kwamba safari yote ile ya mateso ilianzia kwenye picha zilizowekwa mtandaoni, na kwenye suala la picha nitarudi kwa kirefu.

Kabla ya kutoka nyumbani

Sehemu kubwa ya ulinzi hufanyika siku moja au mbili kabla, ukiwa umetulia, na swali la kwanza ni kama utakwenda na simu au utaiacha. Simu inayowaka huwasiliana na minara iliyo karibu hata kama hukuitumia, na kampuni ya simu huhifadhi kumbukumbu zinazoonyesha ulikuwa karibu na mnara upi na saa ngapi. Katika kesi ya Carpenter, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2018, wapelelezi walikuwa wamepata kumbukumbu 12,898 za mahali alipokuwa mtu mmoja kwa muda wa siku 127, yaani wastani wa kumbukumbu 101 kwa siku, na walizipata bila hati ya upekuzi, jambo ambalo Mahakama ilisema halikuwa halali. Januari 2014 watu waliokuwa karibu na eneo la makabiliano jijini Kiev walipokea ujumbe mfupi uliowaarifu kwamba wamesajiliwa kuwa washiriki wa vurugu. Hakuna aliyekuwa amewauliza majina yao. Simu zao zilikuwa zimekwisha kujibu kwa niaba yao.

Kuzima huduma ya GPS peke yake hakusaidii dhidi ya minara. Kubadilisha laini katika simu ileile nako hakusaidii, kwa sababu simu yenyewe ina namba yake ya utambulisho, IMEI, ambayo mtandao huiona bila kujali laini iliyomo. Wapo pia wanaonunua simu ya pili kwa ajili ya maandamano, kisha wanaiwasha kwa mara ya kwanza wakiwa sebuleni kwao na kuiunganisha na akaunti zao za kila siku. Hapo simu mbili zimekwisha kuwa moja.

Ushauri wangu kwa mtu asiye na jukumu maalumu siku hiyo ni kuiacha simu nyumbani. Najua gharama ya ushauri huu, kwa sababu bila simu huwezi kumpigia wakili, huwezi kumtafuta mwenzako aliyepotea katika umati, na huwezi kurekodi unyanyasaji ukitokea mbele ya macho yako. Kwa hiyo kundi la watu watano au sita wanaotembea pamoja linaweza kukubaliana kwamba mmoja wao ndiye atakayebeba simu, iliyosafishwa na kuandaliwa, na wengine watamtegemea yeye. Ukiamua kwenda nayo, izime kabisa kabla ya kutoka nyumbani na uiwashe pale tu unapoihitaji, maana ukiizima nusu ya njia utakuwa umeacha alama ya mahali pa mwisho ulipoonekana ukielekea kwenye mkusanyiko.

Simu utakayoibeba iandae hivi. Weka nenosiri la tarakimu sita au zaidi, na ni bora zaidi likiwa na herufi. Ondoa ufunguaji wa alama ya kidole na wa uso, kwa sababu kidole kinaweza kubanwa kwenye simu kwa nguvu na uso unaweza kuelekezwa kwenye kamera, lakini nenosiri lililo kichwani haliwezi kunyakuliwa kwa mkono. Ficha maudhui ya ujumbe unaotokea kwenye skrini iliyofungwa. Watu wengi hulisahau hili, wakati jina la kundi na sentensi moja ya kwanza vinatosha kumweleza askari yote anayotaka kujua. Hamishia picha na mazungumzo ya zamani kwenye kompyuta iliyo salama, kisha yafute kwenye simu. Ondoka katika akaunti za barua pepe na za mitandao ya kijamii ambazo hutazihitaji siku hiyo. Ikiwa simu yako inaruhusu kuzima mtandao wa 2G, uzime, kwa kuwa baadhi ya vifaa vinavyojifanya mnara wa simu ili kunasa simu zilizo karibu hutegemea udhaifu wa mtandao huo wa zamani. Simu nyingi za Android za kuanzia toleo la 12 zina uwezo huo, na kwenye iPhone hali ya ulinzi mkali inayoitwa Lockdown Mode huuzima pia katika matoleo mapya.

Mawasiliano ya maandalizi yafanyike kwenye programu yenye usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani ile ambayo ujumbe wake husomeka kwa mtumaji na mpokeaji tu, na ujumbe uwekwe ujifute baada ya muda mfupi. Tofauti kati ya programu na programu ipo katika kile ambacho kampuni inakihifadhi. Mwaka 2016 mahakama moja ya Marekani ilipowataka wenye programu ya mazungumzo ya Signal watoe taarifa za mtumiaji, walichoweza kutoa kilikuwa ni tarehe ya kufunguliwa kwa akaunti na siku ya mwisho iliyounganishwa na mtandao, kwa sababu hicho ndicho pekee kilichokuwepo. Tangu mwaka 2024 programu hiyo inaruhusu pia kutumia jina la utambulisho badala ya kuonyesha namba ya simu. Anayetumia WhatsApp ahakikishe kwamba nakala ya akiba ya mazungumzo nayo imesimbwa, kwani ulinzi huo hauji wenyewe. Mtumiaji huuwasha kwenye mipangilio, na asipofanya hivyo mazungumzo yake yanaweza kuwa yamelala mtandaoni bila ulinzi uleule.

Hata hivyo hakuna usimbaji unaomzuia mpelelezi aliyealikwa kundini. Kundi la watu mia mbili ambalo kiungo chake kimesambazwa kila mahali ni uwanja wa wazi, na linafaa kwa kutangaza saa na mahali tu. Mambo yanayoweza kumdhuru mtu yazungumzwe katika kundi dogo la watu wanaofahamiana kwa sura, na kama inawezekana yazungumzwe ana kwa ana, simu zikiwa katika chumba kingine.

Mambo mengine ni mepesi. Nauli inayolipwa kwa kadi au kwa simu huacha kumbukumbu, hivyo beba fedha taslimu. Gari huacha kumbukumbu pia pale penye kamera zinazosoma namba za usajili. Vaa nguo za kawaida zisizo na maandishi wala alama ya kazini kwako, funika michoro ya mwilini kama unayo, na uangalie mapema kama sheria ya mahali ulipo inaruhusu barakoa, kwa kuwa baadhi ya nchi zimeipiga marufuku katika mikusanyiko. Sikushauri utegemee rangi za usoni zinazodaiwa kuzipumbaza kamera, kwani mifumo hubadilika kila mara, na uso uliopakwa rangi humvutia kila anayeutazama. Mwisho, andika namba ya wakili mkononi kwa kalamu isiyofutika, chini ya mkono wa shati, kwa sababu simu ikichukuliwa namba zote huondoka nayo.

Picha

Hapa ndipo waandamanaji huumizana wenyewe kwa wenyewe, na mara nyingi kwa nia njema kabisa.

Fungua picha yoyote uliyoipiga kwa simu yako katika mkusanyiko na uitazame polepole, kama atakavyoitazama mtu aliyelipwa kuitazama. Wewe ulikusudia kupiga bango. Nyuma ya bango yupo mwanamke aliyegeuka kidogo, na sikio lake, shavu lake na kilemba chake vinaonekana. Kushoto yupo kijana ambaye kadi ya kazi imening'inia shingoni mwake, na ukiikuza picha unasoma jina la kampuni. Kwenye kioo cha duka lililo nyuma yao umeonekana wewe mwenyewe, umeinua simu. Sasa fungua taarifa za ndani za picha hiyohiyo: kuna tarehe, kuna saa hadi sekunde, kuna aina ya simu, na kama huduma ya mahali ilikuwa imewashwa kuna nukta inayoonyesha kona ya barabara uliyosimama. Ukiituma picha hiyo kama faili kwenye programu ya mazungumzo, taarifa hizo zote husafiri pamoja nayo.

Kwa hiyo zima ruhusa ya mahali kwenye kamera kabla ya siku yenyewe. Piga umati ukiwa nyuma yake, piga mabango, piga mikono iliyoinuliwa. Ukitaka kumpiga mtu usoni, muulize, na umweleze picha itakwenda wapi. Anayekubali kupigwa hajakubali kuwekwa mtandaoni. Epuka kurusha video moja kwa moja, kwa sababu haikupi nafasi ya kutafakari na humwonyesha kila anayefuatilia nani yuko wapi kwa dakika ileile. Kabla ya kuisambaza picha, funika nyuso kwa kipande kizima cha rangi moja, kwa kuwa ukungu hafifu wakati mwingine huweza kurudishwa nyuma. Kisha piga picha ya skrini ya picha hiyo iliyofunikwa na uisambaze hiyo, ili taarifa za ndani za picha ya awali zibaki kwako. Katika video kumbuka sauti, maana watu huitana kwa majina.

Kuna hali moja inayogeuza ushauri huu. Ikiwa umerekodi kipigo, risasi, au mtu akiburutwa na kuingizwa garini, faili ya awali ni ushahidi, na tarehe, saa na mahali vilivyomo ndani yake ndivyo vinavyoupa nguvu. Faili hiyo usiikate, usiifunike nyuso na usiipunguze ukubwa. Ihifadhi kama ilivyo, mpe nakala wakili au shirika la haki za binadamu unaloliamini, na kama lazima kitu kionekane hadharani, tengeneza nakala nyingine yenye nyuso zilizofunikwa. Kamati niliyoitaja hapo juu imesema pia kwamba wanahabari na waangalizi wasizuiwe kufuatilia mikusanyiko wala vitendo vya maafisa wanaoisimamia, na kwamba vifaa vyao visitaifishwe wala kuharibiwa.

Ukisimamishwa

Usikimbie na usimguse askari. Asiyevaa sare anapaswa kujitambulisha kabla ya kukupekua au kukukamata, na una haki ya kumuuliza kwa upole yeye ni nani. Akiitaka simu, sema kwa sauti inayosikika na walio karibu: "Sikubali simu yangu ipekuliwe. Naomba kuona amri ya mahakama." Sentensi hizo huenda zisimzuie, lakini wakili wako atazihitaji baadaye, kwani ukimya huweza kutafsiriwa kuwa ni ridhaa. Mwaka 2014, katika kesi ya Riley, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba polisi wanahitaji hati ya upekuzi ili kuangalia yaliyomo katika simu ya aliyekamatwa. Sheria haziko hivyo kila mahali. Nchini Uingereza, kwa mfano, kukataa kutoa nenosiri baada ya kupewa notisi halali kunaweza kuwa kosa la jinai. Ndiyo sababu swali hili inafaa umuulize wakili wa nchi yako kabla ya siku ya maandamano, badala ya kulitafutia jibu ukiwa umeshikwa mkono.

Usidanganye. Ukiwa huna uhakika, kaa kimya na uombe wakili. Kama simu bado iko mikononi mwako na unaona unaelekea kukamatwa, izime, kwa kuwa simu iliyozimwa na ambayo nenosiri lake halijaingizwa tangu iwashwe ni ngumu zaidi kufunguliwa kwa vifaa vya upekuzi kuliko ile iliyofungwa skrini tu. Simu iliyokaa kwa maafisa, hata kwa saa moja, ichukulie kuwa si salama tena ikirudi: badilisha manenosiri yako yote kwa kutumia kifaa kingine, waarifu waliokuwa kwenye makundi yako, na muulize wakili kama iachwe ilivyo kwa ajili ya uchunguzi wa kitaalamu kabla hujaifuta na kuianza upya.

Baada ya maandamano

Wengi hudhani kazi imeisha watu wakirudi nyumbani salama. Katika siku zinazofuata, tazama picha ulizotajwa na wengine mtandaoni na uombe ziondolewe pale inapobidi. Ondoka katika makundi yaliyokwisha kazi yake. Lakini ukishajua kwamba uchunguzi umeanzishwa, usifute chochote bila kuzungumza na wakili, kwa sababu katika nchi nyingi kuharibu ushahidi ni kosa lenyewe.

Kisha kuna hatua ambayo watu wachache huichukua, nayo ni kuuliza kilichoandikwa juu yako. John Catt, mzee wa mji wa Brighton nchini Uingereza aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa akihudhuria maandamano dhidi ya kiwanda cha silaha, na wakati mwingine alikaa na kuchora yaliyokuwa yakiendelea. Hakuwahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Mwaka 2010 aliwaandikia polisi akitumia sheria ya ulinzi wa data, akajibiwa kwamba kulikuwa na kumbukumbu 66 zinazomhusu, za kati ya mwaka 2005 na 2009, zilizowekwa katika hifadhi ya taarifa za watu walioitwa wenye msimamo mkali. Miongoni mwake zilikuwemo kumbukumbu za namna alivyotoa daftari lake na kuchora. Januari 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba kuendelea kuzihifadhi kulivunja haki yake ya faragha.

Kama nchi yako ina sheria ya ulinzi wa data, barua ya kuomba taarifa haihitaji ufundi mkubwa. Taja jina lako kamili, kisha andika: "Naomba nipewe nakala ya taarifa zote zinazonihusu mlizozikusanya kati ya tarehe hii na tarehe hii, zikiwemo picha, video, matokeo ya utambuzi wa sura, kumbukumbu za simu na maelezo ya maandishi. Naomba pia kujua zilipatikana kwa njia gani, zimepelekwa kwa nani, zitahifadhiwa kwa muda gani, na kwa msingi upi wa sheria." Kipindi unachokitaja kiwe kifupi na mahususi, kwa sababu ombi la jumla ni rahisi kukataliwa. Ikiwa una sababu ya kuhofia kwamba barua yenyewe itakuletea macho zaidi, iandikwe na wakili au na shirika kwa niaba ya watu wengi kwa pamoja.

Majibu huwa ya aina tatu: utapewa baadhi, utaambiwa hakuna kitu, au utaambiwa kwamba usalama wa taifa unazuia kukujibu. Katika hali zote tatu omba jibu kwa maandishi na lenye kutaja kifungu cha sheria kilichotumika, maana ofisi inayosimamia ulinzi wa data, na mahakama baada yake, zitaanzia hapo. Usikubali jibu la mdomo. Shauri la Catt lilichukua takriban miaka tisa tangu barua yake ya kwanza, kwa hiyo fungua jalada siku ileile unayotuma ombi, na ndani yake uweke nakala ya kila barua, tarehe iliyopokelewa, muhuri wa ofisi iliyoipokea, na jina la afisa aliyetia saini.